Kabla ya Kutoboa Ukuta

Nyumba nyingi za miji yetu zilijengwa na soketi moja au mbili kila chumba, kwa kuwa wakati huo palihitajika mahali pa kuchomeka redio, pasi na pengine feni. Leo sebule hiyohiyo ina televisheni, king'amuzi, spika na chaja za simu za familia nzima, na jikoni kuna friji, blenda na birika la umeme. Pengo linazibwa kwa ekstensheni, kisha ekstensheni ya pili juu ya ile ya kwanza. Kuongeza soketi za kudumu ni bora kuliko hivyo, wala sioni sababu ya kuliogopa jambo hilo. Ila usalama wa soketi mpya hauamuliwi pale inapofungwa. Unaamuliwa kwenye boksi la breka, na ndani ya waya uliofukiwa ukutani.

Soketi yenyewe haili umeme. Kinachokula ni kifaa. Kwa umeme wetu wa volti 230, birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 na pasi ya wati 1,200 huvuta zaidi kidogo ya 5, ilhali chaja ya kawaida ya simu haifiki hata robo ya ampea moja. Kwa hiyo soketi kumi za chaja si mzigo wa kutisha, na soketi moja ya jiko la umeme inaweza kuwa mzigo kupita kiasi. Tena joto la waya halipandi sambamba na ampea: ampea zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hubeba takriban ampea 20 hadi 27, kutegemea umepitishwaje, na breka ya ampea 20 huulinda vizuri. Breka hiyo ikianza kukata kila jioni baada ya soketi kuongezwa, wengi humwambia fundi aweke ya 32. Umeme hautakatika tena, ni kweli, lakini sasa hakuna kinachouzuia waya kuchemka hadi plastiki yake ilainike ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna wa kuuona.

Wapo watakaouliza: mbona pale kwenye ringi mafundi huweka waya huohuo wa 2.5 na breka ya 32? Mpango huo tuliurithi kutoka Uingereza, pamoja na plagi ya pini tatu bapa. Ni halali kwa sababu waya hutoka kwenye breka, hupita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, hivyo mzigo hugawana njia mbili. Fundi akiikata ringi ili aingize soketi mpya, kisha asiunganishe upande mmoja sawasawa, soketi zote zitaendelea kuwaka. Mwenye nyumba atalipa na kushukuru, huku njia moja ikibebeshwa mzigo wa mbili. Kasoro hiyo hujulikana kwa mita tu: umeme unazimwa, ncha mbili za ringi zinafunguliwa kwenye breka, na kila waya unapimwa kutoka ncha hadi ncha.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba kazi yenyewe ni kufuata rangi za nyaya tatu, na kwamba fulani alijifungia mwenyewe na miaka imepita salama. Lakini soketi kuwaka hakuthibitishi mengi. Itawaka hata kama waya wa ethi haukuunganishwa, na kosa hilo litangoja siku bati la friji litakaposhika umeme. Itawaka hata skrubu ikiwa imelegea. Chukua kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu omu tu: birika likivuta ampea 9, pale panazaliwa wati 40 za joto, kwenye shaba isiyozidi punje ya harage. Na breka haitakata, kwa sababu ampea hazijazidi. Ndiyo maana soketi yenye harufu ya plastiki iliyoungua, au iliyogeuka kahawia tunduni, inatakiwa kuzimwa saa hiyohiyo, hata kama bado inafanya kazi.

Gharama ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, ni hoja ya kweli kwa mwenye kipato kidogo, nami siipuuzi. Lakini unachokilipia ni vile vipimo zaidi kuliko kufunga skrubu. Mwombe akuonyeshe breka inayolisha saketi hiyo, ukubwa wa waya, na mita ikisoma. Mwone akihakikisha kwa testa kwamba waya umekufa, baada ya kuijaribu testa yenyewe kwenye umeme ulio hai. Kisha mwulize kama nyumba ina swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja miliampea 30. Kama ipo, bonyeza kitufe chake cha majaribio. Isipokata, ibadilishwe kwanza, na soketi ya nyongeza isubiri.