Nukta Nyeupe Juu ya Samaki

Leo twaendelea na samaki wa bahari wanaowekwa tangini. Kama mjuavyo, katika pwani ya Kenya wako wavuvi wasiotafuta samaki wa kitoweo. Hawa huzamia miambani kuvua samaki wadogo wa rangi, ambao hupelekwa ng'ambo kwa ndege wakiwa hai. Samaki mwenye madoa hana mnunuzi.

Msikilizaji mmoja ameniuliza habari ya kangaja wake. Kangaja ni yule samaki mwenye mwiba mkali kama kisu kando ya mkia. Siku ya kwanza bwana huyu aliona nukta nyeupe, kama punje za chumvi, juu ya mapezi na ubavuni. Samaki akawa anajikuna mawe. Siku ya tano nukta zote zikatoka, naye akafurahi. Wiki ya pili zikarudi nyingi kuliko kwanza, na samaki wote wa tangi lile wakafa. Akauliza, "Mwalimu, ugonjwa uliokwisha ulirudi kwa njia gani?"

Haukuwa umekwisha. Nukta ile ni mnyama mdogo sana, ambaye wataalamu humwita Cryptocaryon irritans. Hukaa chini ya ngozi ya juu ya samaki, akila. Baada ya siku 3 mpaka 7 huwa ameshiba, basi huanguka mwenyewe, akashikamana na mchanga au jiwe na kujifunga ndani ya kifuko kigumu. Humo hujigawa, wakawa wengi, pengine 200. Kifuko kikipasuka, wachanga hao huogelea kutafuta samaki. Wasipompata kwa siku moja au mbili hufa. Vifuko vingi hupasuka katika muda wa siku 3 mpaka 28, lakini kimeonekana hata kilichongoja siku 72. Bwana wetu alipokuwa akifurahi, adui alikuwa mchangani akizaliana.

Basi, si kila cheupe ni hicho. Ukiona kama vumbi laini la rangi ya dhahabu, nawe waliona zaidi ukimulika tochi kwa ubavuni, na samaki anahema upesi, huo ni ugonjwa mwingine, nao huweza kuua kwa siku mbili. Usingoje kesho. Ukiona vinundu kama koliflawa ukingoni mwa mapezi, navyo vyakaa pale pale wiki nyingi, hao ni virusi. Dawa yao haipo. Mpe samaki maji safi na chakula kizuri, mara nyingi vitaondoka vyenyewe. Kwa hiyo hesabu madoa kila siku, uandike yako wapi. Madoa yanayotoka na kutokea mahali pengine ndiyo ya somo letu.

Dawa ya zamani ni mrututu, lakini nawasihi msipime kwa vidole. Robo ya uzito wa mrututu ni shaba, na lita moja ya maji yataka miligramu 0.15 mpaka 0.20 za shaba: ikipungua haiponyi, ikizidi yaua. Pima gramu 8 za mrututu, uziyeyushe katika lita moja ya maji matamu. Kwa kila lita 100 za tangi, tia mililita 10 tu za maji hayo, ukigawa kwa siku 2 au 3. Pima shaba kila siku kwa dawa za kupimia, kwa maana hupungua, ukadumishe kipimo wiki 3 mpaka 6. Fanya hivyo katika tangi la peke yake, lisilo na mchanga wala mawe, kwani hivyo hunyonya shaba. Kamba, kaa na matumbawe hufa kwa shaba. Nayo chupa ya mrututu iwe mbali na watoto, ni sumu.

Asiye na vipimo ana njia nyingine, nami naipenda zaidi. Awe na matangi mawili. Kila siku ya 3 amhamishie samaki katika tangi safi lililokaushwa kabisa, na maji mapya ya bahari, mara 4. Wanaoanguka huachwa nyuma kabla vifuko havijapasuka. Wavu nao ukaushwe. Tangi la kwanza likae bila samaki wiki 6 kwa uchache, au 11 ukitaka kulala bila wasiwasi.

Kumwogesha katika maji matamu hakumfikii mnyama huyu, kwa kuwa yu chini ya ngozi.

Kazi ya daftari: tangi lina urefu wa sentimita 100, upana 50, na kina cha maji 40. Lina lita ngapi, na litatiwa mililita ngapi za maji ya mrututu?