Baba Kachelewa au Kafariki?

Ukishuka matatu pale Oyugis, katika barabara itokayo Kisumu kwenda Kisii, hukosi kibanda cha kuchapishia barua. Katika kimoja nilimkuta kijana wa sekondari ameduwaa, karatasi mkononi. Alikuwa amemwandikia mfadhili aliye Uingereza kuomba karo, akaeleza kwa Kiingereza, "My father is late." Jibu likaja: hapana neno, baba akifika atie sahihi fomu.

Kisa chachekesha, lakini baba yu kaburini na karo haijalipwa.

"Nimekosea wapi, Mzee?"

Nikamwambia: mwanangu, "late" ya mauti hukaa mbele ya jina, "my late father". Ukiiweka baada ya "is", Mwingereza huelewa kwamba mtu kachelewa tu. Au sema waziwazi, "my father died".

"Na 'dead' je? Hilo naliona la ng'ombe."

Hapo nilimwunga mkono. Hata kwetu mbwa hufa, mzazi hufariki. Kijana alikuwa akitafuta adabu. Alichokosa ni mahali pa kuiweka. Kijaluo chake husema kwa kitenzi, "wuora osetho", baba yangu amekufa. Kiswahili nacho chakubali kotekote: "marehemu baba" na "baba ni marehemu". Basi neno la kigeni akalipitisha njia ile ile. Wala si sisi peke yetu. Botswana nako husemwa hivyo hivyo, na mwandishi Alexander McCall Smith amewatilia usemi huo vinywani wahusika wa riwaya zake za huko.

Ila maneno haya mawili si ndugu wa tumbo moja. Marehemu latoka katika Kiarabu, aliyerehemewa, ni dua. "Late" hiyo ya Kiingereza asili yake ni "hivi karibuni", na maana ya mauti iliingia karne ya 15. Ndiyo sababu Mwingereza hamwiti hivyo Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, nasi Shaaban Robert, aliyetutoka mwaka 1962, tungali twamwita marehemu. Dua haichakai.

Tukaiandika barua upya, ikachapwa, akalipa, akatoka mbio hata salio akalisahau. Nikampigia ukelele: kulikoni?

"Posta wanafunga, Mzee! I am late!"

Hiyo sikuisahihisha.