Maumbo ya kordi humwondolea mpiga kinanda kigugumizi

Kinachomtatiza anayejifunza kupiga kinanda si kuijua kordi, yaani sauti tatu zinazopigwa kwa pamoja, bali kuhama kutoka moja hadi nyingine kabla kwaya haijamwacha nyuma. Wengi hukariri noti mojamoja, na wakati wa ibada vidole hubaki vikitafuta huku waimbaji wakiendelea.

Njia nyepesi ni kulitambua umbo. Kordi za C, F na G hupigwa kwa vibonyezo vyeupe pekee, kimoja kikirukwa kati ya kidole na kidole. D, E na A nazo zina umbo lao: cheupe, cheusi, cheupe.

Hata hivyo, kuruka na umbo zima kutoka C hadi F ni kujichosha bure. Kidole gumba cha mkono wa kulia kibaki kwenye C. E isogee hadi F, na G hadi A. Akirejea C na kuelekea G, kidole kidogo ndicho kitakachotulia, C ikishuka hadi B na E hadi D. Mazoezi yaanze polepole, macho yakitazama vibonyezo, baadaye yafumbwe.