Meseji, picha na risiti za simu: Maneno ya kuyajua kabla mgogoro wa biashara haujafika mahakamani

MAKUBALIANO mengi ya biashara ndogo siku hizi hayaandikwi kwenye karatasi. Bei ya gunia inapangwa kwa meseji, picha ya mzigo inatumwa kwa WhatsApp, malipo ya awali yanapita kwenye simu na stakabadhi ya mizani inapigwa picha kwa simu hiyo hiyo. Biashara ikienda vizuri hakuna anayejali. Ikiharibika, kila upande unatoa simu mfukoni na kusema ushahidi upo.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mkulima anakwenda kwa wakili na karatasi tatu alizochapisha steshenari, akiamini kazi imekwisha. Wakili anamuuliza faili asilia liko wapi, metadata yake inasemaje, na simu ilikuwa mikononi mwa nani tangu siku ya mauzo. Maneno hayo yanasikika kama ya wataalamu wa kompyuta peke yao, lakini mengi yana maana ambayo mtu anayefunga na kufungua magunia anaielewa tayari.

Yalikomaa zaidi Marekani. Huko mdaawa anaweza kulazimishwa kumwonyesha mwenzake nyaraka zinazohusu shauri kabla halijaanza kusikilizwa, hatua inayojulikana kama ufichuaji wa nyaraka. Kampuni zilipohamia kwenye barua pepe, mabishano yakawa ni kama ufichuaji huo unagusa na vilivyomo ndani ya kompyuta. Desemba 1, 2006, kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho nchini humo zilirekebishwa na kutaja waziwazi taarifa zilizohifadhiwa kielektroniki. Tangu hapo ufichuaji wa kielektroniki umekuwa kazi kamili, yenye kampuni zake na lugha yake.

Tanzania nayo ina utaratibu wa ufichuaji katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, ambapo mdaawa anaweza kuomba amri ya mahakama ili mwenzake aonyeshe nyaraka alizonazo. Nyaraka za kompyuta zilichelewa kuzoeleka. Katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, lililofunguliwa mwaka 2000 katika Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, Dar es Salaam, ilibidi kwanza ibishaniwe kama karatasi zilizochapwa na kompyuta ya benki zinaweza kuitwa vitabu vya benki, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 iliandikwa wakati wa madaftari. Jaji Nsekela alizikubali.

Ili maneno haya yaeleweke, chukulia mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, aliyempelekea dalali wa soko la Ilala, Dar es Salaam, magunia 80. Amelipwa nusu kwa simu. Nusu iliyobaki dalali anaikataa, akidai mzigo ulifika umeoza, na anatuma picha ya vitunguu vilivyooza.

Swali la kwanza ni picha hiyo ilipigwa lini na wapi. Jibu liko kwenye metadata, yaani taarifa kuhusu taarifa. Ni kama lebo inayoshonwa kwenye gunia: haisemi chochote kuhusu ladha ya kitunguu, lakini inasema ni cha nani, kimetoka wapi na kilipakiwa lini. Picha ya simu hubeba tarehe na saa ya kupigwa, aina ya simu, na mahali kama mwenye simu ameruhusu kamera kurekodi mahali. Kama lori lilifika Jumatano na picha inaonyesha ilipigwa Jumapili iliyotangulia, dalali ana la kueleza.

Tatizo ni kwamba picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ukubwa na kuondoa sehemu kubwa ya lebo hiyo. Mkulima anapokea gunia lisilo na lebo. Picha yenye thamani ni ile iliyobaki kwenye simu ya aliyeipiga, na hiyo ndiyo inayopaswa kuombwa. Mtu anayetaka picha yake ifike na taarifa zake zote huituma kama hati, si kama picha. Ni tofauti ya kubonyeza sehemu moja tu.

Hata hivyo, metadata si kiapo. Saa ya simu inaweza kurudishwa nyuma na mwenyewe, na zipo programu za kubadilisha tarehe ya picha. Ndiyo maana wakili makini hailinganishi picha na metadata yake tu, bali pia na meseji za siku hiyo, risiti za ushuru wa barabarani na muamala wa malipo.

Faili asilia ni lile lililotengenezwa na programu yenyewe, likiwa na kila kitu chake. Karatasi iliyochapishwa si faili asilia. Picha ya skrini, ambayo vijana huiita skrinshoti, nayo siyo: tarehe iliyomo ndani yake ni ya siku iliyopigwa skrinshoti, si siku meseji ilipoingia. Hata mazungumzo ya WhatsApp yanayotolewa nje ya simu huja kama faili la maandishi matupu ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kubadilisha elfu nane kuwa elfu kumi na nane. Meseji ikisambazwa kwa mtu wa tatu, aliyeiandika mwanzo haonekani tena. Vyote hivi vina kazi yake katika kueleza mambo, lakini vikibaki peke yake upande wa pili una mahali pa kushika.

Neno linalotisha kuliko mengine pengine ni heshi. Programu ya kompyuta hulipitia faili lote na kutoa namba ndefu inayolihusu faili hilo tu. Kwa kanuni iitwayo SHA-256, iliyotangazwa na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2001, namba hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukiondoa nukta moja ndani ya faili, namba inabadilika yote. Heshi ni lakiri ya mlango wa ghala. Haithibitishi kwamba mahindi yaliyomo ndani ni mazuri, wala kwamba mwenye ghala ni mwaminifu. Inathibitisha kwamba tangu lakiri ilipowekwa hakuna aliyefungua. Mtaalamu akipokea simu ya mkulima hunakili yaliyomo na kuandika heshi ya nakala, ili miezi sita baadaye asisingiziwe kuwa ameongeza kitu.

Picha ile ile ikipita WhatsApp heshi yake inabadilika, ingawa macho hayaoni tofauti yoyote. Wapo wanaodhani mtaalamu anayesema hivyo anataka fedha zaidi, anasema kweli.

Linalofuatia ni mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: nani alikuwa na kifaa, kuanzia lini, akamkabidhi nani. Kwa mfanyabiashara mdogo mnyororo huo mara nyingi hukatikia kwa fundi simu. Kioo kimepasuka, simu inakwenda kibandani, fundi anaona ni nzito na anaiflashi. Meseji zote za kwenye simu zimekwenda. Vivyo hivyo kwa anayeuza simu ya zamani na kuhamisha laini: meseji zilizohifadhiwa kwenye simu haziendi na laini kama hazikunakiliwa kwanza.

Kuna neno jingine ambalo huko Marekani limegharimu mamilioni: zuio la kufuta. Maana yake ni kwamba mtu akishajua au akitarajia kuwa kutakuwa na shauri, anasimamisha kufuta kumbukumbu zake, hata zile ambazo kwa kawaida hujifuta zenyewe. Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Laura Zubulake dhidi ya benki ya UBS Warburg, mjini New York, iliyohusu ubaguzi kazini. Baadhi ya wafanyakazi wa benki walifuta barua pepe baada ya kuambiwa wazitunze. Jaji Shira Scheindlin aliamua mwaka 2004 kwamba baraza la wazee wa mahakama lingeruhusiwa kuchukulia kuwa barua zilizopotea zilikuwa na mambo ya kuiumiza benki. Mwaka 2005 baraza hilo lilimpa mama huyo dola za Marekani milioni 29 hivi.

Kwa dalali wa vitunguu, zuio hilo linaanzia kwenye meseji zinazojifuta. WhatsApp iliweka huduma hiyo mwaka 2020, na sasa mtumiaji anaweza kuchagua zifutike baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Mkulima aliyekubaliana bei ndani ya mazungumzo yaliyowekwa siku 7 anaweza kuanza kudai wakati hakuna kitu kilichobaki. Alama ya saa juu ya mazungumzo ndiyo ya kuangalia kabla ya kuandika bei.

Kesi hiyo hiyo ya New York inafafanua tofauti ambayo hata ofisi kubwa huichanganya, kati ya bakapu na akaivu. Bakapu ni nakala ya dharura ya vitu vyote kwa pamoja, ya kurudisha kazi kompyuta ikiungua. Akaivu ni nyaraka zilizopangwa ili mtu azitafute na kuzipata. UBS ilikuwa na bakapu kwenye kanda, na kurudisha kanda 77 tu kulikadiriwa kugharimu zaidi ya dola 165,000, bila kuhesabu kazi ya mawakili kuzisoma.

Chama cha msingi cha ushirika chenye kompyuta moja kinaweza kuangukia shimo hilo hilo kwa kipimo chake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, karatasi zimekuwa nyingi. Kuzipitisha zote kwenye skana hakutoshi, kwa sababu skana hutoa picha, na kompyuta haiwezi kutafuta jina la mkulima ndani ya picha. Inahitajika programu ya kutambua maandishi, ambayo hupatana vizuri na chapa safi lakini huhangaika na mwandiko wa karani. Hugeuza 1 kuwa 7, na sifuri kuwa herufi O. Kosa la namna hiyo kwenye kilo ni fedha ya mtu. Orodha iliyoandikwa kwa mkono kwenye kompyuta, yenye namba ya stakabadhi, jina, tarehe na kilo, bado ina faida kuliko programu ya bei ghali isiyohakikiwa na mtu. Kwa muundo wa kuhifadhi muda mrefu, ofisi nyingi hutumia PDF/A, ambao ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2005.

Sheria yenyewe inasemaje? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18 kama kilivyopitishwa mwaka huo, inazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini mahakama hupima jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa au ulivyotumwa, jinsi ulivyolindwa usibadilishwe, na jinsi aliyeuanzisha alivyotambuliwa. Kwa lugha nyingine, inauliza faili asilia, heshi, mnyororo na metadata bila kuyataja majina hayo. Nchini Kenya, Sheria ya Ushahidi inataka pia cheti kilichosainiwa na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa kilichotoa kumbukumbu.

Kifungu hicho cha Tanzania kina faida moja ambayo wafanyabiashara wachache wanaijua. Kumbukumbu iliyowekwa katika shughuli za kawaida za biashara na mtu asiyehusika na shauri, ambaye hakuiweka chini ya usimamizi wa anayeitoa mahakamani, huchukuliwa kuwa inaaminika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kampuni ya simu iliyopitisha nusu ya malipo ya vitunguu ni mtu wa namna hiyo. Meseji ya muamala ikifutika, kumbukumbu ya kampuni inaweza kuombwa, na kazi huwa nyepesi kama namba ya muamala iliandikwa daftarini siku ile ile.

Kuhusu muda wa kutunza, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 iliweka angalau miaka mitano kwa kumbukumbu za kodi, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka sita kufungua madai ya kawaida ya mkataba. Risiti za mashine za EFD huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na jua, na nyingine huwa nyeupe kabisa kabla ya muda huo kuisha. Zipigwe picha siku zinapotolewa, maandishi yakiwa bado yanasomeka, na karatasi yenyewe ibaki kwenye bahasha kavu mbali na jua.