Waini nyekundu tamu ya Porto: ule utamu unatoka wapi, na kwa nini inakuangusha

Kuna ubishi wa vijiweni ambao nimeuchoka. Mmoja anasema waini nyekundu tamu haina nguvu, unashushia chupa nzima kama soda. Mwingine anajibu eti ule utamu ni sukari ya dukani tu. Kwa hii inayoitwa Porto wote wamepotea, na huyo wa kwanza anaweza kujikuta mtaroni.

Tuanze na kitu cha kwetu, ulanzi. Wale wa Iringa na Njombe hawahitaji kufundishwa. Msimu wa mvua mwanzi mchanga unagemwa ncha, unafungiwa mbeta, maji yanadondoka. Ukinywa ukiwa mbichi ni mtamu kama juisi, ndio wanaouita togwa (siyo ile togwa ya uji jamani). Ukiuacha, utamu unapungua na ukali unapanda mpaka unakuwa mkangafu. Kinachotokea ni kwamba hamira, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakula sukari na kutoa kilevi na ile gesi ya povu. Yaani kilevi ni sukari iliyoliwa. Ndiyo maana kwa kawaida pombe ikishakolea, utamu umekwisha.

Sasa fikiria mtu ameweza kuusimamisha ulanzi katikati ya safari, utamu haujaisha, halafu ukae hivyo hivyo miaka 40. Wareno walifanya hivyo kwa zabibu.

Porto inatoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, na jina imelichukua kwenye mji wa bandari ilikokuwa inapakiwa meli. Serikali yao iliweka mipaka ya eneo hilo mwaka 1756, kwa hiyo mambo ya kulinda jina siyo ya jana. Zabibu zinapondwa na kuachwa zichachuke siku mbili tatu tu. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi viko kwenye maganda, na muda wa kuvitoa ni mfupi. Mpaka leo yapo mashamba ambako watu wanaingia kwenye mabirika ya mawe na kukanyaga zabibu kwa miguu. Usicheke, mguu unaponda ganda bila kuvunja mbegu, na mbegu ikivunjika inatoa uchungu.

Karibu nusu ya sukari ikishaliwa, wanamwagia pombe kali iliyotokana na zabibu, yenye kilevi cha asilimia 77, kama sehemu moja kwa kila sehemu nne za ile juisi. Hamira inakufa palepale. Sukari ambayo haijaliwa inabaki, gramu 100 hivi kwa lita, na kilevi kinasimama kati ya asilimia 19 na 22. Kwa hiyo ule utamu ni wa zabibu yenyewe, hakuna aliyekwenda dukani.

Nyingi ni mchanganyiko wa mavuno ya miaka tofauti, hizo ndizo za bei ya kawaida. Vinteji ni habari nyingine. Ni zabibu za mwaka mmoja tu, tena mwaka ambao kampuni imeona ni mzuri kweli ikautangaza, kwa wastani mara tatu hivi katika miaka 10. Miaka ya 2011, 2016 na 2017 ilitangazwa na wengi. Inakaa ghalani miaka miwili mitatu halafu inaingia kwenye chupa bila kuchujwa, na kukomaa kunaendelea humohumo ndani ya chupa, hata miaka 20 au 50. Ikiwa changa ni nyeusi kama wino na inakwaruza mdomo. Ikizeeka inageuka rangi ya tofali, ukakasi unalainika na machicha yanajikusanya chini. Ndiyo maana chupa yake inasimamishwa siku nzima kabla ya kufunguliwa, halafu inamiminwa taratibu.

Turudi kwa yule jamaa wa kushushia. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 20 ina mililita 150 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Piga hesabu mwenyewe: chupa moja ni bia sita, ila sukari inakuficha usisikie. Wenyewe wanainywa kwenye kiglasi kidogo baada ya chakula. Siyo kila waini tamu iko hivi, kuna nyingine hazipiti asilimia 12 au 13, kwa hiyo soma lebo, usiuamini ulimi.

Na yule anayepanga kutengeneza Porto ya kwake kwa kumwaga gongo kwenye waini, aache. Gongo haina mpimaji, na methano ikiwemo inapofusha macho na kuua.

Kwetu zabibu ni Dodoma, na mtaani ukitaja dompo kila mtu anaelewa unaongelea waini gani. Swali langu ni kama tunaweza kuwa na vinteji ya kwetu. Ureno baridi inaulaza mzabibu, kwa hiyo mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima anapogoa, mzabibu unachipua upya, anavuna mara mbili, Machi hivi na tena Agosti au Septemba. Kuandika mwaka peke yake kwenye chupa hakutoshi, maana zabibu za baada ya mvua na zile za kiangazi haziwezi kuwa na utamu mmoja. Itabidi waandike na msimu. Wadau mliopo Dodoma, zipi ni tamu zaidi?