Nerf: sponji iliyopunguza makali ya upanga

Je, wajua kwamba neno linalowaudhi sana wachezaji wa michezo ya video lilizaliwa kwenye mpira wa sponji?

Mwaka 1969, Reyn Guyer, mbunifu wa Minnesota, Marekani, aliyekwisha kubuni mchezo wa Twister, aliipelekea kampuni ya Parker Brothers mchezo wa kuchezea ndani ya nyumba. Kampuni iliuchambua, ikaacha vyote, ikabaki na mpira wake wa sponji. Mwaka 1970 mpira huo uliingia madukani kwa jina la Nerf, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeuzwa mipira zaidi ya milioni 4.

Siri imo ndani ya sponji. Ikate uone: ni vijitundu tele vya hewa, vyenye kuta nyembamba kama utando. Mpira ukigonga kioo cha dirisha, vijitundu hubonyea kwanza. Pigo ambalo mpira mgumu ungelimaliza kufumba na kufumbua, sponji hulirefusha, na kani yake hupungua. Kioo husalimika.

Mwaka 1997 ukatoka Ultima Online, mchezo wa video uliokutanisha maelfu ya watu kwa intaneti. Silaha za mkononi zilipopunguzwa nguvu, wapiganaji walilalama kwamba sasa wanapigana kwa virungu vya Nerf. Lalamiko likageuka kitenzi cha Kiingereza, nerf, yaani kupunguza nguvu, na leo hata watengenezaji wa michezo hukitumia kazini.

Tuseme adui ana pointi 100 za uhai, na upanga wako huondoa 40 kwa kila pigo: ataanguka kwa pigo la tatu. Ukishushwa hadi 30, umbo ni lile, mng'ao ni ule, lakini baada ya pigo la tatu adui bado amesimama, na pigo lake linakujia. Ndiyo maana mwenye upanga huumia. Hata hivyo, bila marekebisho hayo kila mtu angebeba upanga huohuo, na pinde na mikuki isingeguswa.

Kiswahili hakihitaji kuazima neno hili. Tunasema kupunguza makali: ya dawa, ya maneno, ya bei. Wenzetu waliutoa usemi wao kwenye sponji, sisi kwenye kisu. Anayetafsiri michezo hii aandike tu kwamba upanga umepunguzwa makali. Hata bibi asiyewahi kucheza mchezo wa video ataelewa.