Nani Bado Ana Safura?

Sogeeni, wajukuu zangu. Mhusika wa hadithi ya leo ni mnyoo mwembamba kama uzi, urefu wake sentimita moja tu. Wazee wetu walimtambua kwa kazi yake kabla hawajamwona kwa macho. Mtu akipauka viganja, akahema kwa kubeba ndoo moja ya maji, akaanza kutamani kula udongo, walisema: huyu ana safura.

Safura huanzia chini. Mtu akijisaidia kichakani, mayai ya mnyoo hubaki mchangani. Penye kivuli na unyevu huanguliwa, na vijinyoo visivyoonekana hungoja unyayo mtupu upite. Hupenya ngozi, huchukuliwa na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hujing'ang'aniza kwenye utumbo na kunyonya damu huko. Mchanga laini, kivuli cha mikorosho na mvua za masika humfaa sana, na vyote hivyo vimejaa hapa Kwale, pwani ya kusini ya Kenya.

Wengi wenu mmewahi kutafuna shuleni kidonge cha minyoo kiitwacho albendazoli. Dawa ni nzuri. Lakini fikirini mtoto wa Lunga Lunga anayetafuna kidonge chake Jumatatu, kisha jioni anarudi kwenye ua uleule, kwa baba, mama na babu ambao hawakupewa kitu. Na safura, tofauti na minyoo mingine, huwashika sana watu wazima. Je, kuwatibu watoto wa shule peke yao kunatosha, au lazima atibiwe kila mtu kijijini?

Hilo ndilo swali waliloanza nalo watafiti waliokuja Kwale mwaka 2015. Mradi wao uliitwa TUMIKIA, kifupi cha Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Angalieni swali lilivyo jembamba. Hawakuuliza "afya ya Kwale ikoje?", maana swali pana namna hiyo hata miaka mia haikutoshi. Waliuliza jambo moja lenye jibu linaloweza kuhesabika.

Kisha wakagawa. Waliichukua kaunti, toka Matuga na Kinango hadi Msambweni na Lunga Lunga, wakaunda maeneo 120, kila eneo na vijiji vyake. Maeneo 40 yaliendelea na utaratibu wa kawaida: dawa mara moja kwa mwaka kwa watoto wa miaka 2 hadi 14, kupitia shule. Mengine 40 yalipata dawa mara moja kwa mwaka kwa watu wa rika zote. Na 40 ya mwisho, rika zote, mara mbili kwa mwaka.

Nani aliamua eneo lipi liingie kundi lipi? Hapa nataka mtulie. Laiti mtafiti angechagua mwenyewe, angeweza kupeleka dawa nyingi kwenye vijiji vya kando ya lami, ambako gari linafika hata mvua ikinyesha. Vijiji hivyo huenda vina vyoo zaidi na zahanati karibu. Minyoo ingepungua, naye angeisifu dawa, kumbe sifa ni za choo. Kwa hiyo waliacha bahati iamue, kama kupiga kura. Maeneo yakiwa mengi na kura ikiwa ya haki, walio karibu na lami na walio mbali huchanganyika katika makundi yote matatu, na tofauti itakayoonekana baadaye inaweza kuhusishwa na dawa. Na kundi la kwanza halikunyimwa tiba. Lilipata kile ambacho watoto wa shule walikuwa wakipata siku zote. Mimi naona huo ni uungwana wa mpango wenyewe: hakuna kijiji kilichoachwa kiugue ili kingine kipimwe.

Kabla ya dawa walipima, na baada ya dawa wakapima tena. Kupima kwenyewe ni kazi ya subira. Kinyesi kidogo huchujwa, hupakwa kwenye kioo, hufunikwa kwa selofeni iliyolowa glisarini, na mtaalamu huhesabu mayai kwa hadubini. Mayai ya safura hayangoji: glisarini huyafanya yafifie haraka, na akichelewa, kioo kitamwambia "hakuna" hali yalikuwepo. Idadi huwa ya kweli pale tu aliyeihesabu alipokuwa mwangalifu.

Baada ya miezi 24 majibu yakawa haya. Kwa kila watu 1,000 katika kundi la shule, wenye safura walishuka kutoka 186 hadi 138. Katika kundi la rika zote mara moja kwa mwaka, kutoka 179 hadi 80. Na kundi la mara mbili kwa mwaka, kutoka 206 hadi 62. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la Lancet, na watu wanaopanga mipango ya afya duniani wakasoma habari za vijiji vyetu.

Sasa turudi kwa wale 62. Dawa ilifika mara mbili kwa mwaka, mlango kwa mlango. Mbona bado wana safura? Hapo hadubini imefika mwisho wa uwezo wake. Inaweza kuonyesha kiasi na mahali. Sababu anayo mtu mwenyewe, na atakupa ukikaa naye.

Tuseme wewe ndiye unayepanga utafiti wa kutafuta sababu hiyo. Hutapiga kura tena. Utawatafuta kwa makusudi wale wenye jambo la kukueleza: mvuvi wa Vanga ambaye huenda alikuwa baharini mgawaji wa dawa alipopita, mfanyabiashara aliyevuka mpaka kwenda Horohoro, Tanzania, alfajiri, mama aliyekuwa na mimba changa ambaye kwa kawaida hapewi dawa hii, mzee aliyesikia uvumi akakataa. Utakaa na wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, kwa sababu mke wa mtu hasemi mambo ya choo mbele ya baba mkwe. Utasikiliza zaidi ya kusema. Na utaendelea mpaka mazungumzo matatu au manne mfululizo yasilete jambo jipya. Hapo ndipo utajua umesikia ya kutosha.

Mazungumzo ya namna hii yana kazi nyingine pia, hata kabla ya kuhesabu. Chukua swali la dodoso: "Je, una choo?" Mmoja atadhani unauliza kibanda cha nyuma ya nyumba, mwingine atadhani unauliza kama tumbo limemfunga. Ukiuliza kuhusu "chango", bibi mmoja atakuambia habari za minyoo na mwingine maumivu ya uzazi. Na hapa kwetu wako wanaofikiri kwa Kidigo na wanaofikiri kwa Kiduruma. Dodoso lenye swali bovu likijibiwa na watu 5,000 hukupa makosa 5,000 yaliyopangwa vizuri. Ndiyo maana mpangaji hodari hutembea kwanza na daftari, husikia watu wanaliitaje jambo, huandika maswali kwa maneno yao, huyajaribu kwa watu kumi, huyarekebisha, kisha ndipo huhesabu. Akishahesabu, hurudi na daftari tena kuuliza yale ambayo hesabu imeshindwa kueleza.

Na kila mlango unabishwa hodi. Mwenye nyumba aelezwe kinachotakiwa na kitakachofanywa na majibu yake, awe huru kukataa, na akikubali jina lake lisitangazwe. Kwa mtoto, mzazi huombwa ridhaa, na mtoto mwenyewe akisema hataki, asilazimishwe. Kazi ikiisha, majibu yarudishwe barazani, kwa lugha ya baraza, kwa sababu waliotoa kinyesi na maneno yao ndio wenye haki ya kwanza ya kujua.

Wewe unayesoma haya ukiwa Vanga, Kikoneni, Dzombo au Mwereni, una jambo ambalo mtafiti kutoka mbali analitafuta kwa shida: unajua nani huamka saa ngapi, nani hayupo siku ya dawa, na neno gani bibi yako hulitumia kwa ugonjwa huu. Chukua daftari. Andika swali moja, jembamba, kisha uende kwa jirani ukapige hodi.